-ing ya Kiingereza ikibebeshwa kishazi tegemezi: kosa linaingilia wapi?

#1 KalamuNyekundu
Wazito, habari za jioni. Ripoti ninazohariri zimeandikwa na watu wazima wenye digrii, na karibu kila ukurasa una sentensi za sampuli hii:

A. "Knowing that Thika Road was flooded, the matatu used Kiambu Road."
B. "Having submitted all the documents, the application was rejected because lacking a stamp."
C. "The man breaking the window yesterday has been arrested."
D. "She suggested me to apply before closing the portal."

Dai langu: ugonjwa ni mmoja kwa zote nne. Kitenzi chenye -ing hakina nafsi wala wakati, ila mwandishi anakituma kazi ya kishazi kizima. Ikiwa peke yake hawana shida, "I enjoy reading" hakuna anayeikosea. Ikishikana tu na "that", "because" au "before", sentensi inapinduka. Msinipe kanuni tupu, kanuni ninazo. Nataka chanzo.

#2 MwalimuWaFomuTatu
Ugonjwa si mmoja, mkuu. Naona mitatu. A na B ni suala la mwenye tendo, C ni suala la wakati, D ni kitenzi kikuu kutoelewana na kinachokifuata.

Nianze na B maana ina makosa mawili kwenye mstari mmoja. -ing ikitangulia bila kiima chake, inaazima kiima cha kishazi kikuu. Uliza "nani?" mara mbili. Nani aliwasilisha hati? Mwombaji. Kiima cha kishazi kikuu ni nani? "The application." Kwa hiyo ombi limeondoka nyumbani asubuhi, likapanda matatu, likajiwasilisha. Tiba ni mbili: ama ubadilishe kiima cha kishazi kikuu, "Having submitted all the documents, she was still turned down", ama uivunje -ing uipe kiima chake, "Although she had submitted all the documents, her application was rejected". Wengine hujaribu kuisogeza -ing mwishoni: "The application was rejected, having submitted all the documents". Hapo umemhamisha mgonjwa kitanda tu.

Kosa la pili: "because" haipokei -ing hata siku moja. Inataka kiima na kitenzi chenye wakati: "because it lacked a stamp". Ukitaka kubana, andika "for lacking a stamp".

#3 StejiYaNgara
A iko sawa kabisa. Matatu za Thika Road hujua barabara imefurika hata kabla mvua haijanyesha.

#4 MtafsiriRongai
#3 unatania lakini umegusa jambo. "The bank, knowing that the loan was bad..." hakuna mhariri anayeigusa, kwa sababu benki husimama badala ya watu wake. "The matatu" nayo inaweza kusimama badala ya dereva na makanga. A naiweka mpakani, si kosa la moja kwa moja.

Sasa chanzo. Mimi nalaumu -ki- yetu. Angalia: "Nikiwa natembea Moi Avenue, mvua ilianza kunyesha." Sentensi safi. Ni- imekaa pale mbele, kila mtu anajua anayetembea ni mimi, na mvua ina i- yake. Kitenzi cha Kiswahili hutembea na kiima chake mfukoni. Sasa mtu anaitoa hivyo hivyo: "Walking along Moi Avenue, the rain started." Ni- imeanguka njiani, maana -ing haina mahali pa kuiweka, na anayetembea Moi Avenue amekuwa mvua. Mwandishi haoni kosa kwa sababu kichwani mwake ni- bado ipo.

Ndiyo maana wanafunzi nikiwapa zoezi huwaambia: kabla hujaandika -ing, sema sentensi kwa Kiswahili na usikilize kiambishi cha kwanza. Kama viambishi vya nafsi ni viwili tofauti (ni- na i-, wa- na li-), -ing ya kuanzia sentensi umekatazwa. Tumia "while I was walking" au "as I walked". Kama ni kimoja, ruksa.

#5 SarufiUsiku
Nadharia tamu, ila inavuja. Kiswahili hicho hicho kina "Baada ya kula, vyombo vilioshwa." Nani alikula? Ku- haina nafsi, na kiima kinachofuata ni vyombo. Hakuna mwalimu wa Kiswahili anayekata maksi hapo wala hakuna anayedhani sahani zimekula. Kwa hiyo si kweli kwamba lugha yetu hubeba kiima kila mara. Tuna zetu zinazoning'inia, yaani zisizo na mwenye tendo katika sentensi, ila hatukuzipa jina wala kuzitungia kanuni.

Pili, wenye Kiingereza chao wanaikosea vilevile. Kwenye Hamlet mzimu wa baba unasema watu wameambiwa kuwa "sleeping in my orchard, a serpent stung me". Kisarufi, aliyelala bustanini ni nyoka. Shakespeare hakuwa na -ki- ya kulaumu.

#6 StejiYaNgara
Nyoka naye huchoka.

#7 MtafsiriRongai
#5 nakubali nusu. "Baada ya kula" huwa wazi kwa sababu waliokula wametajwa sentensi iliyotangulia. Toa hiyo sentensi ya mwanzo uone kama inasimama.

#8 SarufiUsiku
Basi umenipa ushindi. Kama muktadha unatosha kwa Kiswahili, unatosha pia kwa Kiingereza. Msomaji hatafuti kiima kwa rula, anatafuta mtu anayezungumziwa. Mzimu ndiye anayezungumza, kwa hiyo "sleeping" ni yake. Kosa linaumiza pale tu ambapo msomaji anaweza kumpata mtu asiye sahihi.

#9 KaraniMilimani
Muktadha mnaousifu ukifika kwenye hati ya mashtaka unapoteza kesi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kuhusu mali ya wizi, kina maneno "knowing or having reason to believe them to be stolen goods" na papo hapo kinafuata "he". Mwenye kujua ni huyo "he" na hakuna mwingine. Kujua ni sehemu ya kosa lenyewe, kwa hiyo lazima kujua kuwe na mwenyewe.

Sasa karani mgeni anageuza sentensi iwe ya kutendwa ili isomeke "rasmi": "The phone was retained knowing it to be stolen." Anayejua ni nani? Simu? Mshtakiwa ametoweka kwenye sentensi.

Na hapo ndipo naona chanzo halisi. Si -ki-, si Shakespeare. Ni barua za ofisi. Ofisini tumefundishwa kukimbia "I" na "we". Kishazi kikuu kinageuzwa kuwa cha kutendwa, kiima kinakuwa karatasi, lakini -ing ya mbele bado inadai mtu. "Having reviewed your file, it has been decided that..." Aliyekagua faili amefichwa kwa makusudi. Rudisha "the committee" mahali pake, sentensi inapona bila kugusa -ing.

#10 KalamuNyekundu
#9 hiyo imenigusa. Nimerudi kwenye rundo nikahesabu ukurasa mmoja: zinazoning'inia ni tano, nne zina kishazi kikuu cha kutendwa. Lakini C na D hazina hilo tatizo. Nani anazichukua?

#11 MwalimuWaFomuTatu
C nachukua mimi. Kufupisha kishazi rejeshi kwa -ing kunaruhusiwa pale tendo linaendelea au ni hali ya kudumu. "People living in Kibra" ni "who live" au "who are living". "The road leading to Karen" ni "which leads". Kuvunja dirisha jana ni tendo moja lililokwisha. -ing haina uwezo wa kubeba "yesterday" ya namna hiyo, kwa hiyo lazima "the man who broke the window yesterday". Usijaribu kuiokoa kwa "the man having broken the window", hapo umeongeza kosa juu ya kosa. "Having" haifai kumtambulisha mtu unayemchagua kati ya wengine.

Jaribio la haraka: rudisha "who is" au "who was" mbele ya -ing. "The man who was breaking the window yesterday" ina maana nyingine, kwamba alikuwa katikati ya kuvunja. Kama si hiyo unayotaka, usifupishe.

Ila vitenzi vya hali huponyoka kwenye jaribio hili. "Anyone knowing his whereabouts" ni sahihi ingawa "anyone who is knowing" ni kosa. Kwa hivyo vya aina ya know, own, contain, belong, rudisha "who knows", si "who is knowing".

#12 Buruburu_Fezi5
Hapo hapo, mwalimu. Tuliambiwa "I am knowing" na "I am not understanding" ni makosa makubwa. Sasa "Knowing that..." inakuwaje sahihi mwanzo wa sentensi? Si ni -ing ile ile?

#13 SarufiUsiku
Umbo ni lile lile, kazi ni tofauti. Kwenye "I am knowing", ni "am" pamoja na -ing vinavyosema tendo linaendelea sasa hivi, na kujua si tendo linaloendelea, unajua au hujui. Kwenye "Knowing that", "am" haipo. -ing pale haisemi "inaendelea", inasema tu "kitenzi hiki hakina wakati wake, kiko chini ya kile kikuu". Ndiyo maana "understanding", "believing", "having", "being" zote zinakaa vizuri mwanzoni mwa kishazi tegemezi. Huwezi kusema "I am being tired" lakini "Being tired, I went home" ni safi.

Ukanushaji vilevile: "not" hutangulia. "Not knowing that the office had moved". Si "Knowing not", hiyo ni ya mashairi, na si "Don't knowing".

#14 MhaririWaZamu
D imesahaulika. Makosa ni mawili, si moja.

La kwanza ni "suggested me to apply". "Suggest" haina "mtu + to". Ina njia mbili tu hapa: -ing bila mtu, "she suggested applying", au kishazi cha that, "she suggested that I apply" (Waingereza huandika pia "that I should apply"). Ndugu zake ni "recommend" na "propose", ingawa "propose" hukubali "to" mtu akisema anachonuia yeye mwenyewe. Tatizo ni kwamba "advise" ina maana karibu ile ile na inakubali "advised me to apply", na Kiswahili kinatumia njia moja kwa vyote: alinishauri niombe, alipendekeza niombe.

La pili liko kwenye "before closing the portal". Nani anafunga? Kwa sentensi ilivyo ni mimi mwombaji, au yeye aliyenishauri. Mwandishi alitaka "before the portal closed". Tovuti inajifunga yenyewe saa sita usiku, haimngoji mwombaji aifunge.

#15 MwalimuWaFomuTatu
#14 asante, hilo la pili lilinipita.

Niweke hapa viunganishi, maana ndivyo vinavyochanganya wengi. "While", "when" na "although" vinakubali -ing mradi kiima ni kimoja: "while waiting for the lift", "when crossing Uhuru Highway", "although living in Kitengela, she works in Westlands". "After", "before", "without", "by", "despite", "instead of" vinakubali kwa sababu ni vihusishi, na -ing inakaa kama nomino. "Because" na "so that" vinakataa. "During" inakataa pia: si "during eating", ni "while eating" au "during the meal". "Since" inakubali.

#16 KaraniMilimani
"Since" inakubali ikiwa ni ya wakati tu: "Since moving to Ruiru, she has changed jobs twice." Ikiwa ya sababu haikubali. "Since being sick, he stayed home" ni kosa, andika "Since he was sick" au "Being sick". Hali ni hiyo hiyo kwa "as" ya sababu.

#17 Buruburu_Fezi5
Na "because" pia mwalimu umeipiga marufuku sana. "Because running is cheap, many people do it." -ing imefuata "because" na sentensi iko sawa.

#18 MwalimuWaFomuTatu
Nimeshikwa. Pale "running" ndiyo kiima, na kitenzi chenye wakati ni "is". Nirekebishe: baada ya "because" lazima kipatikane kitenzi chenye wakati kabla ya mkato. -ing inaweza kuwepo, haiwezi kuwa peke yake.

#19 MhaririWaZamu
Hapa kwenye kihusishi kuna siri moja inayoeleza mengi. Kihusishi cha Kiingereza kwa kawaida hakimezi kishazi cha that. "He was worried about that the cheque would bounce" haiwezekani. Kinameza -ing: "worried about the cheque bouncing". Au kihusishi kinatupwa: "worried that the cheque would bounce". Au unaweka nomino ya kukinga: "worried about the fact that". Kwa hiyo mara nyingi -ing haikuchaguliwa kwa urembo, imelazimishwa na kihusishi.

"Insist" ni mfano mzuri: "insisted on paying" au "insisted that he would pay". "Insisted to pay" haipo, na "insisted on that" ikifuatwa na kishazi haipo.

Na ile barua pepe ya kila siku, "I look forward to hear from you". "To" pale ni kihusishi, si ile ya kitenzi. Ibadilishe kwa nomino uone: "I look forward to your reply". Ikikubali nomino, inadai -ing: "to hearing". Sawa na "object to", "committed to", "used to" yenye maana ya kuzoea.

#20 StejiYaNgara
"The cheque bouncing" au "the cheque's bouncing"? Naona vita vinakuja.

#21 SarufiUsiku
Vita vilishapiganwa. H. W. Fowler, mtunzi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza, mwaka 1926 alisema umbo lisilo na 's halina sarufi kabisa, na Otto Jespersen, mwanaisimu Mdenmaki, akampinga kwa mifano kibao ya waandishi waliolitumia karne kwa karne. Leo kwa vitu karibu kila mtu anaandika "the cheque bouncing". Kwa mtu, kwenye maandishi rasmi, "I appreciate your coming" bado inapendwa, na "you coming" inakubalika kwenye mazungumzo. Ila ikiwa kiima cha -ing ni kirefu, 's haikai: "the fact of the man who sold us the land's disappearing" ni balaa. Hapo vunja uandike kishazi cha that.

Na mzizi wa kizaazaa chote ni wa kale. Kiingereza cha Kale kilikuwa na maumbo mawili: patisipo (umbo la kitenzi linalofanya kazi kama kivumishi) ilimalizika kwa -ende, na nomino ya kitenzi kwa -ung au -ing. Katika Kiingereza cha Kati yakayeyuka yakawa -ing moja. Ndiyo maana vitabu vingine bado vinatenga jerandi (-ing kama nomino) na patisipo, na wanasarufi Huddleston na Pullum mwaka 2002 wakaamua kuzifunga pamoja kwa jina moja. Kwa hiyo KalamuNyekundu, chanzo unachotafuta kina umri wa karne kadhaa.

#22 KaraniMilimani
Historia nzuri, lakini aliyeandika "Having reviewed your file, it has been decided" hakupotoshwa na -ende. Amepotoshwa na bosi asiyetaka jina lake kwenye barua.

#23 MtafsiriRongai
Na mimi bado niko na -ki- yangu.

#24 Dada_wa_Minitsi
Naingilia kidogo. Kwenye kumbukumbu za mkutano, kila chama na kila sako hufunga kwa "There being no other business, the meeting was adjourned at 4.30 p.m." Kwa kanuni ya #2 hiyo inaning'inia?

#25 MwalimuWaFomuTatu
Hapana dada. Hiyo ina kiima chake, "there", kwa hiyo haiazimi cha mtu. Zipo za aina hiyo: "weather permitting", "the chairman having left, the treasurer took over". -ing ikija na kiima chake kabla yake, iko huru. Kosa la kawaida kwenye minitsi ni kutupa "there": "Being no other business, the meeting was adjourned." Sasa mkutano ndio "being no other business". Kosa la pili ni kuongeza kiunganishi: "The chairman having left and the treasurer took over". Mkato unatosha, "and" itoke.

Ukiona ni nzito, "with" husaidia: "With the chairman away, ..." au "With the rain falling, ...".

#26 Buruburu_Fezi5
Na "Considering that he is new, the work is good"? Kazi ndiyo inayo-consider?

#27 MhaririWaZamu
Hiyo imeshahama ukoo. "Considering", "regarding", "concerning", "assuming", "supposing", "seeing that", "judging by" zimekuwa karibu vihusishi na viunganishi, hazidai tena mwenye tendo. "During" yenyewe ilikuwa -ing ya kitenzi kilichokufa, "dure", kudumu. Leo hakuna anayeiuliza ina kiima gani.

Ya kuangalia ni "following" kwa sababu imehama nusu. "Following the minister, police arrested two men." Baada ya waziri kufanya nini? Au polisi walikuwa wanamfuata waziri? Andika "after". "Being that" nayo bado haijapokelewa kwenye maandishi rasmi. Andika "since" au "because".

#28 KalamuNyekundu
Niwape ya kuchambua basi. Hii nimeitunga kutokana na ripoti ya usafiri: "Not having been told that the bus leaving at six was full, the passengers who had paid kept waiting." Nina watu wanaoona hii na kuogopa. Mngeifundishaje?

#29 MtafsiriRongai
Chukua kalamu mbili. Ya kwanza, zungushia kila kitenzi chenye wakati: "was", "had paid", "kept". Ni vitatu, na kila kimoja lazima kiwe na kiima: "the bus", "who", "the passengers". Viko vyote. Ya pili, pigia mstari -ing: "having been told" na "leaving". Uliza nani. Asiyeambiwa ni nani? Abiria, na kiima cha kishazi kikuu ni "the passengers", safi. Anayeondoka saa kumi na mbili ni nani? "The bus", iko mlangoni pake, na inarudi kuwa "which was leaving" bila shida, safi. Sentensi ni ndefu lakini haina mwiba.

#30 SarufiUsiku
Umeruka -ing ya tatu. "Kept waiting".

#31 MtafsiriRongai
Kweli. Hiyo imebebwa na "keep", haina kishazi. Wanaongojea ni abiria wale wale.

#32 MhaririWaZamu
Niongeze "that". Kwenye mazungumzo huangushwa, kwenye maandishi iache baada ya -ing. "Knowing Thika Road was flooded": jicho linasoma kwanza "knowing Thika Road", mtu anayeijua barabara vizuri, halafu linagonga "was" na kurudi nyuma. "Knowing that Thika Road was flooded" haimrudishi mtu.

Na mkato. -ing ikitangulia, mkato ni lazima. Ikifuata, mkato unabadilisha mtu. "He left the tout shouting": makanga anapiga kelele. "He left the tout, shouting": aliyeondoka ndiye anayepiga kelele. Alama moja tu, na mashahidi wawili tofauti.

Na "having": kitendo cha kwanza kikiwa kifupi na kikafuatwa papo hapo, -ing tupu inatosha, "Opening the drawer, she took out the stamp". Kikiwa kirefu au kuna nafasi katikati, "Having lived in Nakuru for ten years, he knew the road". "After having eaten" si kosa, ila "after" na "having" zinafanya kazi moja. Lipa mmoja.

#33 Dada_wa_Minitsi
Tukiwa hapo kwenye -ing, kuna bango la saluni limeandikwa "Hair dying". Nywele zinakufa?

#34 StejiYaNgara
Kwa ile relaxer, huenda.

#35 MwalimuWaFomuTatu
"Dyeing" ya rangi inabaki na e, "dying" ya kufa inatoka kwa "die". "Singeing" pia inabaki na e isije ikawa kuimba. "Panicking", "picnicking" na "trafficking" zinaongeza k. "Beginning" n mbili kwa sababu mkazo uko mwisho, "visiting" t moja kwa sababu mkazo uko mwanzo. "Travelling" l mbili kwa Kiingereza cha Uingereza tunachotahini, hata mkazo ukiwa mwanzo. Lakini hiyo ni mada nyingine, fungueni uzi.

#36 KaraniMilimani
Mwalimu, usikimbie. Tuseme ukweli kuhusu mtihani. Karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yaani 101/2, ina sehemu ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maagizo. Mwanafunzi anaambiwa "Begin: Having..." na anachofanya ni kukata kiima cha kwanza na kubandika -ing. Miaka minne ya kukata na kubandika. Haulizi "nani?" kwa sababu kwenye swali viima viwili daima ni mtu mmoja. Akitoka shuleni, anakutana na sentensi ambazo watu ni wawili, na mkono umeshazoea kukata.

#37 MwalimuWaFomuTatu
Hiyo ya nne sasa. -ki-, barua za ofisi, historia, na mimi. Siikatai yote. Ila pale swali linaposema "Begin: On..." na sentensi ni "As soon as the bell rang, the pupils ran out", anayeandika "On ringing the bell, the pupils ran out" anakosa maksi, maana kengele ilijilia, wanafunzi hawakuipiga. Tunafundisha. "On hearing the bell" ndiyo jibu.

#38 MtafsiriRongai
Na kwa nini aliandika "on ringing"? Kwa sababu "kengele ilipolia, wanafunzi walikimbia" ina i- na wa-, na kichwani mwake i- bado ipo.

#39 SarufiUsiku
Mzee, mtoto wa Kiingereza cha mama naye angeandika hivyo hivyo.

#40 KalamuNyekundu
Asanteni wote. B, C na D nimezisahihisha. A bado iko mezani, sijaigusa. Mwandishi ameniandikia anasisitiza kuwa matatu ilijua.

#41 StejiYaNgara
Muulize ni ya sako gani.